Peke Yako na Nani?

Winny alianza kwa kuua watu ambao hawakuwahi kuzaliwa. Tusimwonee bure, hakuanza na Mama Dorca. Alianza na jirani wa binamu yake kule Sondu, mzee fulani asiye na jina, aliyekufa Jumanne akazikwa vizuri tu bila mtu yeyote kuuliza alikuwa anaumwa nini. Baadaye akafuata mke wa mwalimu wake wa zamani. Kisha shemeji ya mwalimu huyohuyo, na hapo hata Becky, msichana aliyemsaidia kusuka pale saluni kwake, akatoa kitana kinywani akasema, "Huyo mwalimu wako ako na mikosi, walahi." Winny akakubali kwamba ana mikosi, akabeba mkoba wake akatoka.

Nani atakuzuia, Kisumu hii, ukisema unaenda matanga? Ukisema umechoka, utaulizwa nani hajachoka. Ukisema unaumwa, utapelekwa hospitali, na njiani mtapitia kwa shangazi naye aje akushike mkono. Lakini matanga ni matanga. Mteja aliyesukwa nusu kichwa atajifunga kitambaa arudi kesho, na mumeo atakutafutia sweta, maana huko mashambani asubuhi kuna baridi.

Na unajua alikuwa anaenda wapi, huyu mama wa kuzika watu? Kisian. Ndugu yake Frankline, anayefanya kazi Nairobi, alikuwa anajenga nyumba huko juu kidogo ya barabara ya Busia, nyumba iliyofika mabati ikakwama, bila milango, bila madirisha, sakafu ni mchanga mtupu. Winny ndiye aliyeachiwa kuiangalia isije ikaibwa mbao. Basi anafika, anatoa kiti cha plastiki kilichofichwa nyuma ya mifuko ya saruji, anakiweka palipopaswa kuwa dirisha la sebule, anakaa. Mbele yake ni mahindi ya watu, na baada ya mahindi ni ziwa. Anafungua soda na kuinywa yote peke yake, polepole, bila mtu kumwambia "nibakishie." Hasomi, haombi, wala halii. Anakaa tu hadi jua linaanza kushuka, halafu anajipangusa, anavaa uso wa mtu aliyetoka kuzika, anarudi kwake mtaa wa Manyatta. Uongo wote ule ulikuwa wa kiti cha plastiki tu.

Utacheka, lakini ungeona anapotoka usingecheka sana. Nyumba ya vyumba viwili, ndani yake mume wake Zadock, watoto watatu, dada ya Zadock aliye chuoni, na mama mkwe wake, ambaye watoto walimwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, na kwa hiyo kila mtu akamwita Dani. Dani alikuja kutibiwa macho. Macho yalipona, Dani akabaki. Choo ni cha ploti nzima, ukiingia tu mlango unagongwa: "Nani huko? Umalize!" Ukioga, kuna mtoto nje anauliza kupitia chini ya mlango kama anaweza kukopa kalamu. Ukifika saluni, kila kichwa unachokishika kina mdomo, na kila mdomo una mume, na kila mume ana mambo yake. Kutwa Winny alikuwa akiitikia, "Eeh. Wacha. Kumbe. Ai, huyo naye." Jioni anapanda kitandani, mtoto mdogo kalala katikati na mguu wake uko shingoni mwa mama.

Na msiseme hakujaribu kusema ukweli. Alijaribu. Jioni moja alimwambia Zadock, "Baba Debra, nataka siku moja nikae peke yangu kidogo." Zadock, mtu mpole anayechomelea mageti kule kwa mafundi wa jua kali, aliweka kijiko chini akamwangalia kwa hofu. "Nimekukosea nini?" Winny akasema hajamkosea kitu. Zadock hakulala. Kesho yake akamwambia mama yake, Dani akamwambia kiongozi wa kikundi cha akina mama kanisani, naye akamwambia mchungaji, na kufikia Jumamosi nyumba ilikuwa imejaa watu, wamekalia hadi kingo za kitanda, wanamwombea Winny roho ya upweke imtoke. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapikia chai. Tangu siku hiyo akaelewa kwamba jambo hilo halina jina ambalo watu wake wangelikubali, akaanza kuzika.

Sasa tufike kwa Alhamisi ile.

Alhamisi ile kikundi cha akina mama kilikuwa kikutane nyumbani kwa Winny. Zamu yake ilikuwa imefika. Kutakuwa na nyimbo, kutakuwa na chapati, na Mama Wesonga, kiongozi wao, mama mkubwa wa mwili na wa moyo anayeuza vitunguu soko la Kibuye, angefika mapema kabla ya wote "kukusaidia, dada yangu." Winny aliamka alfajiri akaona sufuria za kuazima zimepangwa ukutani mpaka mlangoni. Akajua kwamba akiingia katika siku hiyo atapiga kelele mbele za watu, na kelele hiyo hataweza kuieleza.

Lakini kwa siku kama hiyo, mke wa mwalimu hatoshi. Huwezi kuvunja mkutano wa kikundi kwa sababu ya jirani wa binamu. Hapo anahitajika mtu wa karibu, wa damu. Zadock alikuwa anafunga kamba za viatu. Winny akasikia mdomo wake ukisema:

"Nimepigiwa simu. Mama Dorca ameenda."

Mama Dorca alikuwa mdogo wa mama yake Winny. Mama yake alipofariki Winny akiwa hajaanza hata kung'oa meno, ni Dorca aliyemchukua kule Pap Onditi, akamlea na wanawe, na sasa wanawe wote wametawanyika na mumewe yuko chini ya udongo, yeye anaishi peke yake katika boma lile na kuku wake. Mtu huyo ndiye Winny aliyemtoa kafara kwa ajili ya kiti cha plastiki. Na alipomtaja hakusita, hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye. Jina lilitoka tu, kama mtu anayetaja bei ya kusuka.

Zadock alisimama na kiatu kimoja. "Mama yetu?" akasema. "Yawa! Mama Dorca?" Akakaa kitandani, akashika kichwa. Kisha akasema anafunga kazi, waende pamoja. Winny akamwambia hapana, mazishi bado hayajapangwa, yeye anaenda tu kuona hali ikoje, atapiga simu. Alitoka haraka kabla Dani hajamaliza kuamka, akazima simu kabla hajafika barabarani.

Kisian palikuwa kimya kuliko siku zote. Alikaa. Upepo wa ziwani ulikuwa unapita mahali pa dirisha na kutokea mahali pa mlango. Alikula chapati mbili alizozifunga kwenye gazeti, akavua viatu, akaweka miguu kwenye mchanga ulio baridi. Akalala hapohapo kwenye kiti, usingizi mzito usio na mguu wa mtu shingoni. Alipoamka alikuwa mwepesi, alikuwa mtu mzuri, angeweza kusuka mji mzima na kumpenda kila mmoja. Ndipo akawasha simu, ili awe na la kusema akifika nyumbani.

Simu ikaanza kutetemeka mkononi, ujumbe juu ya ujumbe, na kabla hajasoma hata mmoja Zadock akapiga.

"Uko wapi?"

"Si niko Pap Onditi."

"Pap Onditi wapi?"

"Hapa kwa Mama. Watu wamejaa, siwezi kukusikia vizuri, kuna kilio."

Katika nyumba ile ya Frankline kulikuwa na bati moja tu lililolegea, likigongagonga.

"Winny," Zadock akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ingekuwa ya hasira ingekuwa afadhali. "Mimi niko Pap Onditi. Nimekaa kwa nyumba ya Mama Dorca. Ameniwekea chai."

Winny aliangalia miguu yake iliyo wazi kwenye mchanga, akaona haya, akaanza kuvaa viatu huku simu iko sikioni, haraka haraka, kana kwamba Zadock alikuwa anamwona.

"Kuja," Zadock akasema. Akakata.

Alijua mara moja kilichotokea, maana kosa lilikuwa lake na desturi aliijua kuliko mtu yeyote. Mwenzenu akifiwa na mtu wa karibu, hamngoji kualikwa. Yeye mwenyewe aliwahi kwenda hivyo kwa wengine, na sukari, na majani ya chai, na mikate, na leso za kijani za kikundi mabegani. Alidhani watangoja tarehe ya mazishi, na hadi wakati huo angekuwa ametunga jambo. Lakini mikate ya mkutano ilikuwa imeshanunuliwa. Akina mama walikuwa wameshavaa. Mama Wesonga alipofika na kuambiwa habari, alisema nini? Alisema, "Sasa tutakula mikate na mwenzetu analia?" Wakakodi gari. Na Zadock, aliyekuwa ameanza kuona aibu kwamba ameacha mke wake aende kulia peke yake kwa mama aliyemlea, akafunga kazi akapanda nao.

Kuna njia ya kutoka Kisian hadi Pap Onditi, unarudi mjini, unapita Ahero, unapita Katito. Winny aliipita yote bila kuona chochote. Alikuwa anatafuta uongo mwingine. Aliutafuta mjini, akautafuta Ahero. Kwamba aliyempigia simu alikosea jina. Kwamba ni Dorca mwingine. Kila uongo aliushika akaona uso wa Mama Dorca nyuma yake, akauacha. Mume angenuna, mume hununa kisha hupoa. Akina mama wangemsema hadi mwaka uishe, halafu wangepata wa kumsema mwingine. Lakini kama Mama Dorca angemtazama na kusema wewe si mtoto wangu, basi hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwita hivyo. Hicho tu ndicho alichokuwa anakiogopa.

Kwenye lango la boma alimkuta Zadock, kasimama na mikono mifukoni.

"Ni nani?" Zadock akauliza.

"Nani nini?"

"Huyo mtu."

"Hakuna mtu, Baba Debra. Nilikuwa Kisian. Kwa nyumba ya Frankline."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako na nani?"

Na hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa anauliza kwa moyo wake wote, akingoja jina, ajue moja. Winny alimwangalia akaona kwamba mwanaume angeeleweka. Zadock angelia, angepiga ukuta, ndugu wangeitwa, lakini wote wangejua wanazungumzia nini. Kiti cha plastiki ungemwelezaje mtu? Aibu ya kuwa na mtu ilikuwa na mahali pake. Yake yeye haikuwa hata na jina. "Hakuna mtu," akarudia, na sauti ikatoka kama ya mwongo, kwa kuwa mwongo alikuwa.

Ndani ya boma akina mama walikuwa wamekaa kwenye viti na mikeka, leso za kijani mabegani, vikombe mikononi. Mikate ya matanga ilikuwa imekatwa, inaliwa. Hakuna aliyemsalimu. Mama Wesonga ndiye aliyeinuka, akasogea akamwonyesha gauni lake, limechafuka udongo kuanzia kiunoni.

"Angalia," akasema. "Mimi nimelala chini, Winny. Mimi Mama Wesonga, na miguu hii yangu. Nimelilia mtu mzima ako hai."

"Nisamehe, Mama."

"Ngoja kwanza nikuambie vile ilikuwa, ujue." Na akamwambia, kwa sauti ya juu, wote wasikie, ingawa wote walikuwepo. Walishuka sokoni, Zadock akabaki nyuma kumlipa dereva, wakauliza kwa Dorca mwenye matanga ni wapi. Wanawake wa soko wakashtuka: Dorca? Lini? Mbona juzi alikuwa hapa? Wakaacha mboga zao chini wakajiunga. Wakaja wote kwa njia wakipiga nduru, vile inatakikana, mikono kichwani. Na wao wa mbele walipofika langoni, wale wa soko bado wako nyuma, wakakuta kuna mama mmoja mzee ameshatangulia kuanguka. Amejitupa kwenye udongo kati ya njugu alizokuwa anaanika, analia kuliko wote, anajiviringisha, anataja jina wasilolisikia vizuri kwa zile nduru. "Tukasema huyu lazima ni dada ya marehemu. Tukamwinua. Mimi nikamkumbatia, nikamwambia, pole sana mama, Dorca amepumzika. Akaniangalia. Akaniuliza, Dorca gani? Nikamwambia, si Dorca mwenye hii boma. Akasema, Dorca ni mimi."

Mmoja wa akina mama akacheka bila kutaka, akajifunika mdomo na leso. Mama Wesonga hakucheka.

"Unajua alikuwa analilia nani?" akauliza.

Winny alijua. Alikuwa ameshajua tangu neno la njugu. Mama Dorca aliona kundi la wanawake linakuja kwake kwa nduru, akaziona leso za kijani za kikundi cha Winny cha Kisumu, akatafuta Winny katikati yao, hakumwona. Wageni wa Kisumu wangefuata nini kwake na kilio, kama si kwamba Winny amekufa?

"Na alipojua uko mzima," Mama Wesonga akasema, "hakutuuliza ni nani alisema amekufa. Alipiga magoti akashukuru Mungu. Halafu akaweka maji ya chai." Akaketi, akapangusa gauni lake, akamwacha Winny amesimama pale katikati ya boma kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Uso ulikuwa unamwaka. Angetoa chochote apigwe, atukanwe, afukuzwe, ilimradi watu wale waache kushika vikombe vyao kwa utulivu ule.

"Winny." Sauti ilitoka ndani ya nyumba. Hakuitambua. Ilikuwa imekauka, imepasuka, sauti ya mtu mwingine kabisa. "Kuja ndani."

Mama Dorca alikuwa ameketi kwenye kochi, chini ya picha za watoto wake wa mbali. Alikuwa amenawa uso, lakini kwenye nywele zake za kijivu kulikuwa bado na udongo na ganda moja la njugu. Winny, ambaye mikono yake ilikuwa imezoea vichwa vya watu, alitamani kulitoa lile ganda, akashindwa kunyoosha mkono. Akapiga magoti sakafuni.

"Mama, nimekosa."

"Kaa kwa kiti. Sakafu ni baridi." Kila neno lilikuwa linamkwaruza kooni. "Ni mwanaume?"

"La, Mama. Nilikuwa nimekaa tu. Kwa nyumba ya Frankline. Sikuwa na mtu. Najua hamniamini."

"Mimi naamini," Mama Dorca akasema. "Tangu uko mdogo wewe uko hivyo. Wenzako wakicheza, wewe nakutafuta nakupata umeketi kwa ghala na mahindi, hulii, huna neno. Nilikuwa nakuacha. Nilikuwa nawaambia, muacheni, atatoka."

Hapo Winny akavunjika. Dunia nzima haikuwa na mtu wa kumwamini ila yule ambaye yeye mwenyewe alimuua. Alilia kwa kwikwi, uso kwenye leso, na alikuwa analia kwa aibu, si kwa kitu kingine. Mama Dorca alimngoja.

"Mimi hapa nakaa peke yangu kila siku," akasema baadaye. "Asubuhi nasalimia kuku. Jioni nasalimia kuku. Ungekuja, Winny. Ungesema tu, Mama, nataka kukaa. Mimi ningebeba kikapu changu niende sokoni mpaka jioni, nikuachie nyumba yote."

"Sikufikiria, Mama."

"Eeh. Hukunifikiria." Hakusema kwa ukali. Alikuwa anathibitisha tu, kama mtu anayekubali kwamba mvua haikunyesha. "Nikuulize kitu?"

"Niulize."

"Mimi nimekulilia. Nimelia mpaka sauti imeisha, si unanisikia? Sasa wewe, asubuhi, vile ulimwambia Zadock nimekufa. Ulilia?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Siku nzima Winny alikuwa amesema uongo mgumu kuliko huo. Na huyu mama mzee alikuwa anamwangalia kwa macho mekundu, si kwa kumtega, alikuwa anataka kujua. Pengine alikuwa anataka aambiwe ndiyo hata kama si kweli.

"Hapana, Mama," Winny akasema. "Sikulia."

Mama Dorca alitikisa kichwa polepole. Alivuta leso yake akajifunika vizuri mabegani, ingawa hapakuwa na baridi. Akaangalia mlangoni muda mrefu. Winny alingoja lile neno alilokuwa analiogopa tangu Kisian, alingoja kufukuzwa, na neno lenyewe halikuja, na lisipokuja hakujua afanye nini na mikono yake.

Kisha wakasikia. Kutoka upande wa soko, mbali bado, nduru. Sauti za wanawake, nyingi, zinapanda na kushuka, zinakaribia. Habari ilikuwa imesambaa, imevuka vijiji, na watu waliokuwa mashambani ndio sasa wameacha majembe. Dorca amekufa, nani abaki nyumbani?

Huko nje vikombe vilinyamaza. Zadock alichungulia mlangoni, akamwangalia mama mkwe wake, hakumwangalia mkewe. "Mama, kuna watu wanakuja. Niende niwaambie?"

"Wewe kaa, baba. Maliza chai," Mama Dorca akasema. "Winny ataenda. Yeye ndiye alisema nimekufa. Aende aseme niko."

Winny aliinuka. Alitoka ndani, akapita katikati ya leso za kijani, na hakuna aliyeinuka amsindikize, hata Mama Wesonga ambaye husindikiza kila mtu. Boma lile lilikuwa pana kuliko alivyolikumbuka. Alifika langoni peke yake, akasimama, akatazama vumbi linavyokuja na watu ndani yake, mikono vichwani, wengine hawana viatu.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja mwembamba, mzee, rafiki wa Mama Dorca wa kanisani, aliyemjua Winny tangu utotoni. Alimwona amesimama na macho yaliyovimba, akamwendea moja kwa moja, akamkumbatia kwa nguvu zote alizobaki nazo, akaweka shavu lake lenye machozi kwenye shingo ya Winny.

"Uwi, nyathina," akalia. "Uwi, mtoto wangu. Sasa utaenda kwa nani?"

"Hajafa," Winny akasema.

Yule mama hakusikia, alikuwa analia. Nyuma yake wengine walikuwa wanafika, wanapiga nduru. Winny alilazimika kuinua sauti, akasema tena, na safari hii watu wote barabarani walimsikia.

"Mama Dorca hajafa! Ni mimi nilisema uongo."

Kilio kilikatika kwa mbele, kikaendelea kidogo kwa nyuma, kikakatika. Yule mama mzee aliinua kichwa. Alimtazama Winny usoni, akaondoa mkono mmoja begani mwake, kisha akaondoa ule mwingine, akapangusa machozi yake, akampita akaingia ndani kumwona Dorca. Walio nyuma yake wakafuata mmoja mmoja, bila neno, wakimpita kama wanavyopita nguzo ya lango. Winny akabaki pale pale, maana huko chini, upande wa mto, kilio kingine kilikuwa kinakuja.